Jiwe Lililobaki Katikati ya Paa

Siku Nazih Abi Rashed alipofariki, jiwe lilibaki katikati ya paa.

Ilikuwa Jumanne ya kwanza ya Novemba, saa nne asubuhi, na mvua ya kwanza ya mwaka ilikuwa ndiyo inaanza kudondoka juu ya kijiji cha Ain Sindyan, katika milima ya Shuf. Nazih alipanda kulisukuma kama kawaida. Mkewe, Ghada, alikuwa jikoni akichambua dengu, akisikia mngurumo wa jiwe ukienda na kurudi juu ya kichwa chake. Kisha ukakoma.

"Nikadhani amesimama kuvuta sigara," anasema Ghada. "Nikaendelea na dengu. Hilo ndilo linaloniuma."

Leo ni Machi, saa kumi na mbili asubuhi, na manyunyu yameanza. Ghada, mwenye miaka 56, yuko juu ya paa hilohilo, miguuni amevaa mabuti ya mumewe yaliyojazwa soksi. Anasukuma jiwe la mviringo, nene kama gogo, lenye vipini vya chuma na uzito wa kilo mia moja na ushee. Paa ni bapa, la udongo. Lisiposhindiliwa mvua inapoanza, nyufa hubaki wazi, na maji hushuka hadi kitandani.

Miaka saba iliyopita Ghada alikuwa daktari wa meno Beirut, na Nazih fundi mitambo wa redio. Nyumba hii ya mawe iliachwa na babu yake Nazih, na ilikuwa imefungwa tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wakauza fleti yao, wakaja kuifufua ili wageni wapate pa kulala. Kliniki ilikuwa ikimpa Ghada dola elfu mbili kwa mwezi. Hapa, vyumba viwili vikijaa, mwezi mzuri huleta mia tano.

Kitu cha kwanza walichofanya ni kulishusha jiwe. Waliliona zuri mno kukaa juu kusikoonekana. Wakaliweka langoni, wakalizungushia maua. Majirani walipita, wakatazama, wakaenda zao, isipokuwa Umm Fayad, bibi wa nyumba ya pili.

"Daktari," alimwambia Ghada, "huko kwenu mjini, mgonjwa mlikuwa mnamng'oa meno mazima mkayapanga dirishani?"

Desemba ile vyumba vyote vilivuja. Wanaume sita walilirudisha jiwe juu kwa kamba, na Umm Fayad akawasimamia kutoka uani kwake, akiuliza kama maua nayo yanapanda au yanabaki. Tangu hapo, tone la kwanza likianguka, bibi huyo hugonga sufuria, na Nazih alikuwa akipanda.

Siku ya pili ya msiba mvua ilizidi. Nusu ya paa ilikuwa imeshindiliwa, nusu bado. Desturi ya hapa haina mjadala: siku za matanga nyumba haifanyi kazi, ni kahawa chungu tu na watu kuketi. Wanawake walikuwa wameketi hivyo waliposikia mngurumo juu yao.

"Kwa muda kidogo nilisahau kwamba tumemzika," anasema Ghada.

Alikuwa Umm Fayad, miaka 79, mtandio mweupe ameufunga kiunoni, akisukuma pamoja na mkwewe. Waliomkemea aliwajibu kutoka hukohuko juu.

"Adabu ya matanga naijua tangu hamjazaliwa. Lakini waombolezaji wakilowa, atakayeona haya ni marehemu."

Walishindilia nusu iliyobaki, kisha wakalirudisha jiwe palepale alipoliacha Nazih. Wakafanya hivyo kila iliponyesha, majira yote ya baridi. Ghada hakuweza kukanyaga ngazi, na vyumba alivifunga.

Februari shemeji yake, Munir, mjenzi, alikuja na futi. Alitaka kumwaga zege juu ya paa kabla ya kiangazi, au nyumba iuzwe. Ghada alijua maboriti haya hayabebi zege. Nazih alikuwa akisema ni sawa na kumbebesha babu ng'ombe mgongoni. Lakini Ghada hakuwa na nguvu ya kubishana.

"Wewe ni mjane, dada yangu, si punda," Munir alimwambia. "Nani atalisukuma?"

Munir akiwa bado anapima, mvua ikaanza na sufuria ikagongwa. Ghada anasema hakuamua lolote. Alijikuta ngazini. Vipini vilikuwa vya baridi, na jiwe halikutikisika hadi alipolisukuma kwa bega. Alimaliza paa lote, akashuka. Munir alikuwa ameshakunja futi.

"Basi angalau nikubadilishie vipini," alisema. "Hivi vina kutu."

Jumapili iliyofuata alileta vipya.

Wageni wa kwanza, mume na mke kutoka Saida, wanafika Ijumaa. Ghada ameanika magodoro, na anataka ifikapo vuli awe amefungua chumba cha tatu, kilichokuwa zizi la mbuzi.

Ukutani, juu ya kitanda cha wageni, kuna kikaratasi ambacho Nazih alikiandika kwa mkono wake: *Mkisikia mngurumo juu yenu wakati wa mvua, msiogope. Ni Nazih.* Ghada hakukibandua. Chini ya jina hilo ameandika lake.