Mukono wa Kushoto wa Tiriko

Tiriko ile ilikuwa mbaya. Niseme mapema, kusudi mutu asifikiri nimekaa hapa kujisifu. Shingo ilikuwa nyembamba, mukono wa kuume ulikuwa murefu kupita kiasi, na tumboni kulikuwa na rangi nne zisizosalimiana. Nimefuma sweta nyingi baadaye, za watoto wangu na za watoto wa watu, na hakuna hata moja inayonirudia kichwani. Ile mbaya peke yake njo inanifuata.

Tulikuwa tunakaa Muheto, Wabeleji wakiwa bado wakubwa wa inchi, na mimi mwanamuke wa miaka ishirini hivi, mwenye mimba ya pili. Mimba ya kwanza ilinipa mutoto mwanaume. Aliishi miezi minne. Baridi ya milima yetu haipigi hodi, inaingia na kukaa sawa mwenye nyumba. Ilimushika kifua, akakohoa siku sita, na siku ya saba hakukohoa tena. Basi. Kwa hiyo nilipojua kwamba niko na mimba ingine, nilikuwa na neno moja tu kichwani: huyu hatakufa na baridi. Wengine wanasali rozari. Mimi nilisali rozari na nikafuma.

Kufuma nilifundishwa na masera, mutawa wa misioni, mbele ya kuolewa. Nilienda kumuomba uzi, naye akanipa kikapu cha mabaki: vipande vilivyobaki kwa kazi za wasichana, vingine virefu vya kutosha, vingine vifupi mupaka nikauliza kama ni uzi ao ni nywele. Kijivu, nyekundu, kijani ya mugonjwa, na manjano kidogo. Sindano zangu zilikuwa vyuma viwili vya gurudumu la kinga, baiskeli ile ya katekista iliyokufa, bwana wangu akavinoa juu ya jiwe. Naye akaniletea soksi yake niifumue. Soksi moja. Ya pili panya walikuwa wamekula.

«Kamata,» akasema, na sura ya mutu anayetoa ngombe.

Sasa, kwa nyumba yetu mama aliyepoteza mutoto hatayarishi nguo mbele mwingine hajazaliwa. Ni kumuita kwa sauti, na hujui nani mwingine anasikia. Mama mukwe alinikanya zaidi ya mara moja. Alikuwa mwanamuke mufupi, mukavu, wa maneno machache, na kila neno lilikuwa na uzito wa jembe. Kwa hiyo nilifumia nyuma ya banda la mbuzi, saa yeye yuko shambani. Mbuzi walinisaidia kwa kukula mita mbili za nyekundu. Nilivuta upande mumoja, mbuzi akavuta upande mwingine, tukatazamana. Nikashinda, lakini uzi ule ulibaki na harufu mupaka mwisho.

Na nitapima juu ya nani? Mutoto bado yuko tumboni. Nikachukua muhogo munene, nikauvika. Bwana wangu akanikuta siku moja nimepakata muhogo uliovaa tiriko nusu, ninauambia uinue mukono.

«Ala! Na huyu atabatizwa lini?»

Nikacheka mupaka nikashika kiuno. Nilikuwa sijacheka vile tangu mutoto wangu afe, na katikati ya kicheko nikaogopa, nikanyamaza, nikatazama nyuma. Hakukuwa na mutu. Lakini siku zile zote nilikuwa na mazoea ya kutazama nyuma, na ndani ya nyumba nilikuwa nasikia kikohozi kidogo upande wa kitanda, mara moja, sawa mutoto anayejaribu kifua chake. Bwana wangu hakusikia. Nikajiambia ni mbuzi. Mbuzi wanakohoa, si uongo.

Muhogo unadanganya, kwanza mikono hauna. Mukono wa kuume ulitoka murefu wa kutosha katekista. Ulimaliza kijani, ulimaliza manjano, ulimaliza soksi ya bwana wangu. Nilipofika mukono wa kushoto kikapu kilikuwa kitupu. Mama weee! Tiriko ya mukono mumoja, na mutoto alikuwa anakaribia. Nikarudi kwa masera. Alikuwa ametoa vyote. Nikafikiri nifumue ule mukono murefu. Nilijaribu. Mafundo yalikuwa mengi, kila nikivuta yanajifunga zaidi, na nilikuwa na hasira, nikauacha.

Hapo njo nilifanya jambo langu.

Kwetu kitu kilichogusa mutoto aliyekufa kinaenda naye udongoni: kitambaa, kamba ya kiuno, kila kitu. Wadogo vile hawakupelekwa makaburi ya misioni, waliwekwa karibu na nyumba. Kazi ile inafanywa na bibi ya mutoto. Mama mwenyewe hafuatani nao, na haonyeshwi pahali, kusudi asiende kulala pale juu. Siku ile mama mukwe alikusanya vitu vyote, akaniuliza: «Kofia iko wapi?» Ilikuwa kofia ya sufu, rangi ya mbingu, niliyofuma wakati nilikuwa bado mwanafunzi wa masera. Nikamuambia imechukuliwa na maji kwenye muto. Akanitazama kidogo, akaenda. Kofia ilikuwa ndani ya chungu, chini ya mbegu za maharagwe. Walimuchukua mutoto wangu na vitu vyake vyote, na sikujua wamemuweka wapi. Nilitaka kubaki na kitu kimoja. Ni zambi gani hiyo?

Basi nikaitoa kwenye chungu, nikaifumua. Ilifumuka vizuri sana, bila fundo hata moja, kwa haraka iliyonitisha. Nikafuma mukono wa kushoto, kutoka begani kushuka mupaka kwenye kidole. Ulikuwa mukono muzuri. Ule peke yake, katika tiriko nzima, ulikuwa na kipimo cha mutoto.

Mutoto alizaliwa, mwanaume tena, mwenye kichwa. Yesu Maria, kichwa gani! Tulipomuvalisha tiriko, shingo ilimufika kwenye masikio ikakataa. Mimi ninavuta chini, bwana wangu anashikilia miguu, mutoto analia ndani ya sufu sauti ya mutu aliye ndani ya gunia. Mama mukwe akaingia.

«Munamutoa ao munamurudisha?»

Akasogea, akapaka mafuta ya mawese kwenye paji la uso, kichwa kikapita. Mutoto akatoka upande wa juu mwenye hasira, mwekundu wa mafuta, mukono mumoja ukining'inia mupaka kwenye magoti. Bwana wangu alitoka inje kwenda kucheka. Mama mukwe hakucheka. Alishika mukono wa kushoto kwa vidole viwili, akausugua kidogo, akauachilia. Ningefurahi kama angenigombeza.

Miezi miwili ilipita vizuri. Mwezi wa tatu bwana wangu alienda Itebero na mizigo ya maharagwe kuibadilisha na mafuta. Kwa muguu, kupitia Kalembe, halafu siku nyingi za pori. Tukabaki wanawake wawili na mutoto. Mvua ikaanza. Na asubuhi moja, nikiwa ninachochea moto, nikasikia kile kikohozi kidogo upande wa kitanda. Sikugeuka. Nilikuwa nimezoea kusikia na kukuta hakuna mutu. Kikarudi. Nikageuka, na safari hii mutu alikuwako. Ni mutoto wangu aliyekuwa anakohoa.

Nilikimbia naye dispansere ya misioni, wakanipa dawa ya maji na ya kupaka. Siku ya pili homa ilipanda. Siku ya tatu alikataa ziwa. Mama mukwe alikaa mbele yangu kwenye kiti kidogo, akatazama mutoto, akatazama tiriko.

«Ile kofia haikuenda na maji.»

Nikasema hapana, haikuenda.

«Minajua. Minajua tangu siku tulimuvalisha.» Akagusa ule mukono wa kushoto. «Hana ubaya, ule mukubwa. Ni mutoto tu. Anakamata mudogo yake ku mukono.»

Nikarukia tiriko niivue. Haivuliki! Kichwa kilikuwa kimekua, shingo imekataa, mutoto anakohoa ndani ya sufu, na mimi ninalia na kutukana sindano, masera, muhogo, na soksi. Mafuta ya mawese ya kupitisha kichwa yalikuwa yameisha, bwana wangu njo alikuwa ameyafuata. Nikatafuta kisu, mama mukwe akanishika mukono. Hapana kukata, akasema. Kitu chake tumurudishie kizima.

Kwa hiyo tulifumua mukono akiwa ameuvaa. Nilitafuta ncha ya uzi kwenye kidole, nikavuta, na mukono wa rangi ya mbingu ukaanza kupanda: kidole, kiganja, kiwiko, bega. Mama mukwe alikuwa anaukunja kuwa donge. Mutoto aliacha kulia, akatazama mukono wake unavyotokea. Kidogo nicheke.

Siku ile ile nikamufunga mugongoni, tumefunikwa blanketi, tukatoka. Nilifikiri tunaenda mbali. Hatukupita hata migomba. Alisimama kwenye kipande cha maharagwe kilicho nyuma ya jiko, kile alichonipa mimi kulima tangu mwaka wa msiba, ambacho hakutaka mutu mwingine akiguse.

«Ni hapa?»

«Njo hapa analala. Nilitaka ukuwe naye karibu.»

Nilikuwa nimepalilia pale misimu yote ile. Nilikuwa nimeimba pale. Nikakaa chini kwenye matope na mutoto mugongoni.

Alichimba kidogo kwa jembe, akaweka lile donge, akanifundisha maneno ya kusema: mukubwa, kitu chako ni hiki, sasa muachilie mudogo yako, uende. Lazima mama mwenyewe aseme, akasema, mwingine hamusikii. Kisha akasogea mupaka kwenye migomba, akanipa mugongo.

Nilifungua kinywa. Mugongoni mutoto alikuwa anapumua sawa mutu anayepasua kuni. Nilijua kinachotakiwa. Maneno yalikuwa mafupi, hata mulevi angeyakumbuka. Na mimi nikainama kwenye udongo nikasema, «Baba, mutoto wangu, uko na baridi?»

Sikusema lingine. Nilifunika lile donge kwa mikono yangu, nikalipigapiga juu, nikasimama.

«Umemuambia aende?» mama mukwe akauliza.

«Nimemuambia.»

Homa ilishuka siku mbili baadaye. Mama mukwe alisema ni kwa sababu ya sufu, masera akasema ni kwa sababu ya dawa, na bwana wangu, aliporudi na mafuta yake, akasema ni kwa sababu mutoto alikuwa na kichwa cha kutosha. Mutoto aliishi. Leo ni mutu muzima mwenye ndevu na watoto, na akija kunisalimia ananisumbua na maneno mengi.

Lakini mvua ikianza, naye akikohoa pale kwenye kiti, ninaacha kazi niliyo nayo mukononi. Wajukuu wanafikiri ninasikiliza kifua chake. Nimefukuza wezi wa mahindi katika maisha yangu, nimefukuza mbuzi, nimefukuza hata karani wa kodi na mufagio. Yule mutoto kumuambia aende, sikuweza siku ile, na mupaka leo sijamuambia.