Usukani wa Mashine Namba Nne

Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za gemu kwa miaka ishirini na miwili, ukumbi uleule, makelele yaleyale. Mimi nilikaa dirishani nikiuza sarafu za kuchezea. Huko ndiko tulikojuana. Hakuwa mtu wa maneno mengi; alinitongoza kwa kunitengenezea feni mara tatu, na feni yenyewe haikuwa mbovu.

Mwaka juzi akapata kiharusi. Mkono ulirudi, mguu ukarudi, mimi sikurudi. Ananiita dada. Samahani dada, choo kiko wapi dada. Adabu tele, kama mgeni aliyefikia kwa watu. Mwanzoni nililia. Siku hizi napika, nafua, naitika. Majirani wanasema nimezoea. Haya, waseme, mwenye kovu usidhani kapoa.

Ukumbi ulipofungwa, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akaniletea usukani wa mashine namba nne, ile ya mbio za magari, pamoja na pedeli zake. Daktari alikuwa ameshauri tumpe vitu vya kazi yake, huenda kumbukumbu zikaamka. Sikuamini sana, lakini mfa maji haachi kutapatapa. Nilitaka kitu kimoja tu: anitazame, ajue ni mimi.

Tukaufunga usukani kwenye meza ya kulia kwa skrubu nne. Meza yangu nzuri ile, na wala sikujali. Nyuma ya usukani kuna volyumu, jamii moja na volyumu ya redio, inayopima umezunguka kiasi gani. Ina miguu mitatu: ya pembeni inapokea umeme, ya kati inapeleka kipimo. Shemeji alinunua kibao kidogo cha saketi cha kuiunganisha na kompyuta. Waya za zamani zilikuwa zimeoza, nikazikata zote, nikaunga mpya mwenyewe kwa risasi ya kuyeyusha, maana mikono ya shemeji ni ya kushikia kijiko tu. Nikafuata mchoro, waya kwa waya. Kompyuta ikataka tuufundishe: zungusha kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, uache katikati. Shemeji akajaribu, gari likaenda vizuri.

Tukamkalisha mume wangu. Kona ya kwanza ilikwenda kulia; yeye akazungusha kushoto, akagonga ukuta. Ya pili hivyohivyo. Hakukasirika, aligonga tu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Shemeji akatoka nje kupangusa macho. Mimi nilibaki nahesabu kuta. Zilipofika kumi nikasema basi, na hili nalo limekwisha.

Nilikuwa nimeshika bisibisi niufungue ndipo nikakumbuka. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa, yeye yuko kitandani na homa, volyumu ya namba nne ilikufa, nami nikajitia ufundi. Nikapishanisha waya za pembeni. Usukani ukawa kinyume, ukienda kushoto gari linakwenda kulia. Mpaka anapona, wateja walishauzoea, wanawacheka wageni wanaogonga, wakamkataza kuugusa. Alinitania wiki nzima. Lakini aliuacha, na miaka yote hiyo akauendesha hivyohivyo, kinyume.

Kumbe safari hii kosa langu lilikuwa kuunganisha sawasawa. Nikabandua waya mbili za pembeni, nikazipishanisha.

Akaendesha. Kona zote, bila kugusa ukuta, mguu unajua wakati wa kuachia pedeli. Shemeji akarudi, akasimama mlangoni, akaniashiria nikae pale nitakapoonekana. Nikaketi pembeni ya skrini. Gari likafika mwisho, mume wangu akainua macho, akanitazama usoni kwa muda mrefu. Moyo niliodhani umekufa ganzi ulinidunda mpaka nikaona aibu.

Akaniinamia, akashusha sauti.

“Dada, umeona unakwenda kinyume?”

“Nimeona.”

“Aliukosea mke wangu. Mafundi wengi wamekuja, wanataka kuurekebisha, nawafukuza.” Akaupapasa usukani kwa kiganja. “Nakuomba na wewe, usiuguse. Hiyo ni kazi ya mikono yake.”

Shemeji akafungua mdomo aseme. Nikamkata jicho, akanyamaza.

Nikamwambia mume wangu sitaugusa.