Rusnani Ashona Hema

Rusnani alilitoa neno lake mezani kwa wifi yake, Jumapili mchana, watu wakiwa bado na wali mkononi. Alisema shule zikifungwa, yeye, mumewe na mabinti zao wawili watakwenda kulala kwenye hema kando ya mto, huko juu ya Selama, siku mbili. Hakuomba ushauri. Alisema kama mtu anayekumbusha kwamba kesho ni Jumatatu, kisha akajiongezea mchuzi.

Zabedah, dada mkubwa wa mumewe, mwanamke ambaye mjini Taiping hakuna harusi ya ukoo ule iliyopangwa bila kauli yake, aliweka glasi yake chini.

"Wifi, Saidin ana mguu mmoja."

"Najua, wifi. Ndiye ninayelala naye."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Saidin mwenyewe aliendelea kuchambua samaki wake, mwiba kwa mwiba, kana kwamba anayezungumzwa ni mtu wa mtaa mwingine.

Zamani hakuwa mtu wa kunyamaza. Kwa miaka ishirini na miwili aliendesha lori la magogo kutoka misitu ya Gerik, na kingo za mito zilimjua kuliko kitanda chake. Kila akirudi nyumbani aliwasimulia mabinti, Izyan na mdogo wake Husna, juu ya tembo wanaovuka barabara bila haraka, juu ya maji ya alfajiri yanayouma meno, juu ya samaki wa kubanikwa ndani ya mwanzi. Na kila mara alimalizia kwa ahadi: mwaka huu nitawapeleka. Miaka ikapita, ahadi ikazoeleka masikioni. Kisha kikatokea kidonda kwenye kidole cha mguu, kidogo kama punje ya hindi. Saidin alikuwa na kisukari na hakupenda kukumbushwa. Alikifunga kitambaa akaendelea na safari zake. Madaktari walipokuja kukiona, ilibidi mguu ukatwe chini ya goti.

Mwaka mmoja na nusu ulikuwa umepita. Kovu lilikuwa kavu, sukari imeshuka, lakini mtu hakurudi. Alikaa dirishani tangu asubuhi hadi jua lizame. Mkahawani alikwenda mara moja tu. Rafiki zake watatu walisimama wote kumvutia kiti, wakapunguza sauti kama watu walioingia msibani. Hakwenda tena. Ndugu zake nao walikuja kila Ijumaa na matunda ambayo hakuruhusiwa kula, wakamwambia apumzike. Rusnani alilichukia neno hilo kuliko tusi. Aliona jinsi mumewe anavyopumzishwa, siku baada ya siku, mpaka anakwisha.

Rusnani alikuwa fundi wa mapazia, mwanamke mfupi, mpole kwa wateja, ambaye akishikilia jambo ni sawa na kupe. Jambo la kwanza lilikuwa hema. Mume wa Zabedah alikuwa nalo kubwa la watu sita, basi akaenda kuliomba kwa adabu zote. Zabedah akasikitika sana, akasema panya wamelimaliza. Siku mbili baadaye Izyan alipita pale akitoka shule, akaliona limeanikwa uani, zima kabisa, linapigwa jua.

Rusnani aliposikia hakugomba. Alichukua futi yake ya kupimia akaenda kwa Mzee Letchumanan, mkodishaji wa maturubai ya harusi, akamwuliza kama hana moja lililochanika asilolihitaji. Mzee alimtolea la manjano lenye mapindo meupe ya mawimbi pembeni, lililoraruliwa na upepo katikati ya karamu ya watu. Akamwambia alichukue bure, limemzibia njia ghalani muda mrefu.

Alipofika nalo, majirani waliuliza nani anaolewa. "Mimi," alijibu. "Kwa mara ya pili, na bwana ni yule yule." Wakacheka, na kwa wiki nzima mtaa ukawa unamwita bibi harusi.

Alipanga mikeka minne sebuleni, akapima, akaanza kukata. Turubai lilikuwa zito. Lilivunja sindano tatu za cherehani siku ya kwanza. Mlango aliukata mpana, kiti cha magurudumu kipite bila kukwaruza. Ndani, juu ya mahali pa kulala mumewe, alishona mkanda imara wenye kitanzi, mtu aweze kuushika akajiinua bila kuitwa mtu. Hakumweleza yeyote ni wa nini. Saidin alikuwa dirishani pake, mgongo kwa cherehani, lakini kitanzi kile alikiona kikishonwa katika kioo cha dirisha.

"Mama Izyan," alisema bila kugeuka. "Mimi siendi."

Rusnani aliinua mguu kutoka kwenye cherehani. "Kwa nini?"

"Kwa sababu nitabebwa. Nitashushwa mtoni kama mtungi wa gesi, watu wanatazama. Hilo unalitaka?"

"Nani kasema utabebwa?"

"Nitafikaje, basi? Nitaruka?"

"Utafika unavyojua mwenyewe. Wewe ndiye uliyelala huko miaka ishirini, si mimi. Mimi nimeahidiwa tu." Alikata uzi kwa meno. "Ijumaa ya tarehe kumi na mbili tunaondoka. Ukija, umekuja. Usipokuja, nakupikia wali wa siku mbili na dadako atakuja kukuambia upumzike."

"Na gari ataendesha nani?"

Hapo ndipo Rusnani alipofungua droo ya vifungo, akatoa leseni ya udereva yenye picha yake, akaiweka juu ya kizingiti cha dirisha mbele ya mumewe. Kwa miezi mitatu, kila aliposema anakwenda kupima madirisha ya wateja, nusu ya safari hizo alikuwa anajifunza kuendesha. Saidin aliishika, akaisoma mbele na nyuma, akairudisha. Jioni alimwuliza Izyan kama mama yake akishuka mlima anabadilisha gia au anakanyaga breki tu.

Jumamosi iliyofuata walilijaribu hema uani. Nguzo zilikuwa za mianzi, kamba za katani, na wajuzi walikuwa watatu wasiojua kitu. Upande mmoja ukisimama, wa pili unalala. Mvua ya Taiping haina subira. Ilipofika saa tisa ikashuka yote kwa pamoja, hema likajaa maji tumboni kama ng'ombe mwenye mimba, kisha likawaangukia Izyan na Husna. Majirani walikuwa barazani mwao wakitazama, na Zabedah, ambaye alikuwa amekuja na mwavuli wake na papai lake, alisimama langoni akatikisa kichwa.

"Wifi, hapa ni uani tu," alisema. "Mwituni itakuwaje?"

"Mwituni sitakuwa na watazamaji," alijibu Rusnani, maji yakimchuruzika puani. Akaanza kuinua nguzo upya. Moyoni alikuwa karibu kulia, lakini asingelia mbele ya papai lile.

Sauti ikatoka dirishani. "Hilo fundo gani?"

Wote waligeuka.

"Izyan, hilo ni fundo la kufungia mfuko wa sukari. Lete kamba hapa. Zote."

Izyan akazikusanya kamba zilizolowa, akazipitisha dirishani. Saidin alizifunga moja moja, vitanzi vile wanavyobania magogo madereva, ambavyo gogo likivuta ndivyo vinavyozidi kukaza. Akazirudisha, akaelekeza kwa kidole: kigingi kilale kinyume na hema, nguzo ya kati ipande juu shubiri moja, turubai livutwe pembe mpaka mlio wake uwe kama wa ngoma. Husna alikwenda na kurudi dirishani mara kumi na tatu. Mvua ilipokatika, hema lilikuwa limesimama, la manjano, na mapindo yake meupe yakipepea. Saidin hakutoka nje. Zabedah aliliacha papai barazani akaondoka bila kuaga.

Hakwenda mbali. Jumatano jioni alirudi na kaka yao mkubwa, Haji Mokhtar, mtu mzito wa maneno ambaye Rusnani alipoolewa ndiye aliyesimama mahali pa baba wa bwana harusi. Walikaa sebuleni, wakanywa chai. Haji alizungumza taratibu. Alisema hakuna anayezuia furaha ya watoto, lakini mgonjwa ni amana. Akataja nyoka, akataja mafuriko, akataja sindano za sukari zinazohitaji baridi. Rusnani alijibu yote: nesi wa zahanati ameulizwa na ameruhusu, sindano zina sanduku lake la barafu, hospitali iko mwendo wa nusu saa, na mguu uliobaki utakaguliwa asubuhi na jioni.

Haji alishusha kikombe. "Shemeji, mimi ni mkubwa wenu. Likimpata neno huko, ukoo utakuuliza wewe."

"Uniulize, kaka," alisema Rusnani. Sauti yake haikupanda. "Mwaka na nusu huyu amekaa pale dirishani. Hazungumzi, hatoki, watoto wake wanapita nyuma yake kwa ncha za vidole wasimsumbue. Hilo nalo ni neno lililompata. Ukoo umeniuliza lini?"

Zabedah alifungua mdomo. Saidin akamwahi.

"Dada, ngoja," alisema. "Kaka, mwenye kuulizwa ni mimi. Mguu ulikuwa wangu na uzembe ulikuwa wangu. Huyu hajaniomba ruhusa na mimi siwaombi. Ninakwenda."

Haji Mokhtar akamalizia chai yake. Alipofika mlangoni alisema tu kwamba barabara ya Selama ina kona mbaya baada ya mashamba ya michikichi. Saidin akasema anaijua. Zabedah alikwenda garini akiwa amenuna, na mpaka leo hasemi kama alikosea.

Ijumaa Rusnani aliamka mapema akafunga wali wa nazi kwenye majani ya mgomba, dagaa wa kukaanga na pilipili ya kusaga kando. Walipakia kigari chao cha zamani mpaka mlango wa nyuma ukafungwa kwa kamba. Aliendesha mikono ikiwa imeng'ang'ania usukani, na Saidin pembeni yake alikanyaga breki isiyokuwepo kwa mguu asiokuwa nao. Kwenye kona mbaya alimwambia, "Gia ya pili. Liache gari lijishikilie lenyewe." Rusnani akafanya hivyo, na walipotoka salama upande wa pili wote wanne walipumua.

Kutoka maegesho hadi mtoni kulikuwa na ngazi za udongo zilizozuiliwa kwa magogo, arobaini na kitu. Kiti cha magurudumu hakikuwa na kazi pale. Mtunza kambi na vijana wawili walikuja mbio, tayari kumbeba.

"Ahsanteni," alisema Saidin. "Sogeeni kidogo tu."

Akajishusha chini, akakalia ngazi ya kwanza, akaegemeza mikono nyuma, akateremka kwa makalio hadi ya pili. Kisha ya tatu. Mvua ya jana ilikuwa imeacha matope. Iliwachukua karibu nusu saa, yeye akishuka, Izyan na Husna wakitangulia na mizigo. Rusnani alibeba magongo ya mumewe, akakaa nyuma yake ngazi mbili, na kila alipotaka kumshika alijikumbusha asimshike. Watu wa mahema ya chini walisimama kutazama. Mmoja aliinua simu.

"Bwana," Rusnani alimwita kutoka kule juu, "hujawahi kuona mtu akishuka ngazi?"

Yule mtu akarudisha simu mfukoni. Saidin alifika chini akiwa matope mpaka kiunoni, viganja vimechubuka, akaomba magongo yake. Uso wake Rusnani hakuwa ameuona hivyo tangu enzi za lori: umekunjamana, umekasirika, na uko macho.

Kazi ya kwanza aliyoifanya ni kukataa mahali. Mabinti walikuwa wametua mizigo kwenye mchanga mzuri kando ya maji, akawaondoa. Akawaonyesha majani makavu yaliyonasa kwenye matawi ya kichaka, juu kupita magoti ya mtu, akasema mto ulifika pale si muda mrefu uliopita. Hema likapandishwa kwenye tuta, penye mawe na mizizi, Husna akinung'unika. Saidin aliwaambia na majirani wao wa mchangani, familia tatu zenye mahema mapya ya dukani. Walimshukuru kwa tabasamu wakaendelea kuchoma kuku.

Saa kumi anga la juu mlimani likawa jeusi, ingawa pale walipo bado palikuwa na jua. Maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Saidin alisimama kwa magongo yake akapiga ukelele mmoja wa dereva, na safari hii walimsikia. Walihama wakikimbia, mito ya kulalia na masufuria kifuani, na robo saa baadaye mchanga haukuwepo. Yule bwana wa simu alipanda tutani akihema, akamwuliza kwa adabu, mzee, sisi tupige hema wapi? Saidin akaanza kugawa viwanja kwa ncha ya gongo.

Mvua ilipowafikia, hema la manjano lilivuja kwenye mshono mmoja ambao Rusnani alikuwa ameusahau kupaka nta. Alikinga sufuria. Simu yake ikalia ujumbe. Ulikuwa wa Zabedah: Huku mvua kubwa. Rudini nyumbani.

Rusnani alijipangusa vidole kwenye khanga, akaandika: Huku pia. Tunapika. Kisha akarudi kuosha mchele, na nje alimsikia mumewe akimgombeza mtu mzima mmoja kuhusu fundo.