Ndege Kwenye Malisho ya Mavis

Hapa Varnell, Iowa, watu saba tunamiliki ndege moja. Ni ndogo, ya viti vinne, imetengenezwa kabla baadhi yetu hatujazaliwa, na kila mmoja wetu akienda kwa kinyozi huiita "ndege yangu." Aliyeipenda kuliko wote alikuwa Lowell Dvorsky, wakala wa bima ya mazao, mtu aliyetumia maisha yake kuwaeleza wakulima mabaya yatakayowapata.

Tulimchagua awe msimamizi wa usalama kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Yeye aliamini tumeona sifa zake, akaanza kutunga sheria. Viatu vipanguswe kabla ya kupanda. Anayerudi ajaze mafuta. Na kubwa kuliko zote: rubani asiuamini mshale wa mafuta, maana kwenye ndege kuukuu hudanganya. Apande ngazi, atumbukize kijiti ndani ya tangi, aone kwa macho yake. Atakayeishiwa mafuta angani asirushe ndege yetu mwaka mzima. Sheria hii tuliipitisha huku tukicheka. Nani angeishiwa mafuta kwenye klabu yenye Lowell?

Ng'ambo ya barabara ya changarawe, ukitoka uwanjani kwetu, kuna malisho ya Mavis Oldenkamp, mjane anayefuga ng'ombe. Mavis aliichukia ndege yetu. Alisema inawatia ng'ombe wake wazimu. Kila kikao cha kaunti alisimama kudai uwanja ufungwe, na kila mara Lowell alisimama baada yake, akaeleza polepole, kama anayeongea na mtoto, kwamba ndege inayotunzwa vizuri haina hatari kwa jirani.

"Hata injini ikizima?" Mavis aliuliza siku moja.

"Haizimi yenyewe, mama. Huzimwa na uzembe. Na sisi hatuna wazembe."

Jumamosi moja ya Juni, Lowell alifika kurusha ndege, akakuta makombo kwenye kiti. Mimi nilikuwa nafagia banda la ndege. Gene Pruitt, mwenye duka la nyama, alikuwa ameirusha jana yake kwenda kula chapati za maji na marubani wa kaunti ya pili, na sasa alikuwa amekuja kuchukua miwani yake aliyoisahau.

"Gene, hii nini?"

"Makombo, Lowell."

"Naona ni makombo. Nauliza yanafanya nini kwenye kiti."

"Yamekaa tu, bwana. Yamechoka."

Lowell hakucheka. Tayari alikuwa ameshika kile kijiti cha kupimia mafuta, na sasa akakigeuza fimbo ya mwalimu. Akaonyesha kiti. Akaonyesha zulia. Akaonyesha doa la sharubati ambalo Gene aliapa halijui. Alizungumza kuhusu panya, jinsi wanavyofuata makombo na kutafuna nyaya, na kuhusu watu wanaodhani ajali huanzia angani wakati huanzia chini, kwenye kichwa cha mtu asiye makini.

"Tumekusikia," Gene alisema. "Panda basi, mchana unakuja na upepo."

Lowell akakirudisha kijiti mahali pake, akiwa na ule utulivu wa mtu aliyekitumia ipasavyo. Akapanda, akaruka.

Gene hakuwa amejaza mafuta.

Nilimwona Lowell akizunguka mji mara kadhaa, kisha akageuka kurudi. Halafu ule mngurumo ukakatika. Kukawa kimya kiasi kwamba nilisikia ng'ombe wa Mavis wakila. Ndege ikaja chini kama mtu anayenyata, ikashindwa kuvuka barabara kufika uwanjani, ikakaa katikati ya malisho. Nasema kweli, alitua vizuri mno. Ng'ombe walitawanyika, na hakuna kilichovunjika.

Mimi na Gene tulipofika tunahema, Mavis alikuwa keshafika, koleo la kukazia nyaya za uzio mkononi. Lowell alikuwa bado amekaa ndani, mlango wazi, uso mweupe kama unga.

"Habari za asubuhi, Lowell," Mavis alisema.

"Habari, Mavis."

"Imezima yenyewe?"

Tulingoja. Angeweza kusema lolote, na sisi wawili tungemuunga mkono. Akashuka, akamtazama.

"Hapana," alisema. "Imezimwa na uzembe. Wangu."

Mavis alikuwa amejiandaa kwa ugomvi wa miaka sita. Akasema tu, "Basi ngoja nifunge geti, ng'ombe wasitoke."

Klabu ilikutana jioni ile. Gene alikiri hakujaza tangi, akaomba wagawane adhabu. Wengine tukapendekeza miezi mitatu. Lowell akakataa. "Aliyepaswa kupima ni aliyepanda, na aliyepanda ni mimi. Sheria inasema mwaka." Akanyoosha mkono kujipigia kura yeye mwenyewe, na kwa muda mkono wake ulikuwa peke yake hewani. Mingine ikafuata, mmoja mmoja, kwa aibu.

Kisha mvua ikanyesha. Malisho yakageuka tope, na ndege haikuweza kuondoka. Ng'ombe nao waliipenda. Waliilamba rangi na kujikuna mgongo kwenye mkia wake. Ikabidi apatikane mlinzi, na Lowell akajitolea. Kila siku alikaa pale kwenye kiti cha kukunja, mwavuli kichwani, akipiga makofi kuwafukuza ng'ombe.

"Unailinda ndege au unalinda ng'ombe wangu?" Mavis alimuuliza akiwa upande wa pili wa uzio.

"Wanakula rangi."

"Itawadhuru?"

"Sijui. Ungekuwa na wakala mzuri wa bima ungemuuliza."

Mavis akacheka, na Lowell akaonekana kushangaa, maana utani wake haukuwa umewahi kumchekesha mtu. Kesho yake Mavis alimletea kahawa. Kesho kutwa pai ya cheri. Siku ya nne akataka kukaa ndani ya ndege.

"Futa viatu," Lowell alisema, kisha akajishika mdomo.

Akafuta. Akakaa kwenye kiti cha rubani, akashika usukani, akayatazama muda mrefu malisho yake mwenyewe kupitia kioo.

"Miaka yote hii," alisema, "nimeiona tumbo tu."

Ardhi ilipokauka tulileta mafuta kwenye debe, fundi akaikagua, na mwenzetu mmoja akairusha hadi nyumbani, safari fupi kuliko kuvuka barabara kwenda kuchukua barua. Mwezi ule ule Ray Holub, mmoja wetu, alihamia Arizona akauza hisa yake. Aliyeinunua ni Mavis.

Tulidhani vita vimekwisha. Kikao cha kaunti kilichofuata akasimama tena, akalalamikia kelele kama kawaida.

"Mavis!" Gene aliruka. "Ndege ni yako!"

"Nikiwa juu hainisumbui," alijibu. "Sasa hivi niko chini."

Mwalimu wa kurusha alitoka mji wa jirani, lakini kila kitu kinachofundishwa miguu ikiwa ardhini alifundishwa na Lowell, jikoni kwake Mavis, ramani ikiwa imetandazwa juu ya kitambaa cha meza. Kabla mwaka wa adhabu haujaisha, Mavis alipata leseni yake. Nafasi ya msimamizi wa usalama, aliyoiacha Lowell, ilikuwa wazi, naye akaichukua. Anapima mafuta mara mbili, kisha anamwita mtu mwingine apime. Gene anasema alikuwa hajui jinsi Lowell alivyokuwa mpole.

Kwa safari yake ya kwanza baada ya muda ule wote, Lowell hakutaka kurusha yeye. Alimwomba Mavis ampeleke. Waliondoka asubuhi, wakaenda kula chapati za maji kaunti ya pili, wakarudi adhuhuri. Lowell alishuka taratibu, akaja hadi mlangoni mwa banda niliposimama.

"Alituaje?" nilimuuliza.

Akageuka kuhakikisha Mavis yuko mbali, akifunga kamba za mabawa.

"Vizuri kuliko mimi," alinong'ona. "Usimwambie."

Nilimwambia kabla hajamaliza kufunga kamba ya pili. Alisema anajua.