Mti Msipande

Kila mvua ilipokaribia, msimamizi wa mwenye ardhi alikuja na maneno yake yale yale. Alisimama kwenye mpaka wa shamba, mkono kiunoni, akatutangazia kana kwamba sisi ni viziwi: pandeni mahindi, pandeni mihogo, kunde pandeni mpaka mchoke, lakini mti msipande. Mnazi marufuku. Mkorosho marufuku. Mwembe ndio usiutaje kabisa.

Asiyeijua pwani yetu atauliza, mti una kosa gani? Kosa lake ni kukaa. Mahindi huvunwa yakaisha, na kesho yake mwenye ardhi aweza kukwambia ufunge virago, wala hapatabaki kitu cha kukutetea. Mnazi unatetea. Huku kwetu mti ni wa aliyeupanda, hata kama udongo ni wa mtu mwingine. Watu hurithi minazi, huiuza, huiweka rehani, na ardhi iliyo chini yake haiguswi. Mwenye minazi yake mahali haondolewi kwa neno moja. Wenye ardhi walilijua hilo vizuri sana, ndiyo maana wakatuachia mahindi.

Shamba lenyewe liko bara kidogo kutoka Magarini. Mwenyewe kwa karatasi alikuwa mzee mmoja wa Malindi mjini, mtu mtulivu, aliyemwambia mume wangu kwa mdomo tu: kaa, lima, nitunzie pori lisirudi. Pori hilo tulilifyeka sisi, kwa mapanga yetu. Na kabla yetu wazee wetu walilima huku huku. Walifyeka, wakachoma, wakalima misimu michache, na udongo ulipochoka walisogea kando ili upumzike. Wakati ardhi imepumzika ndipo wakaambiwa ina mwenyewe. Jambo hilo hunipandisha hasira mpaka leo, na sitaki mtu aniambie nipoe.

Mume wangu alikuwa mtu wa amani. Kila nilipoanza kunung'unika aliniambia, "Mama watoto, usitutafutie maneno." Basi tukapanda mahindi. Tukapalilia, tukafukuza nyani, tukavuna, tukaning'iniza mbegu juu ya moshi wa jikoni wadudu wasizile, tukasubiri mvua nyingine. Mvua ikikosea njia tulikula mihogo. Miaka yote hiyo hatukuwa na mti hata mmoja wa kutegemea, na nazi za mchuzi nilikwenda kununua sokoni, mimi mzaliwa wa pwani! Aibu gani hiyo?

Alipofariki tulitaka kumzika nyuma ya nyumba. Msimamizi akaja watu wangali wanalia, akasema haiwezekani, kwa sababu kaburi nalo ni alama, kama mti. Alisema kwa sauti ya chini, macho yakiwa chini, lakini alisema. Tukambeba mume wangu, tukaenda kumzika kwa kaka yake, mahali ambapo hakuwahi kulima hata tuta moja. Ila matanga yalipoanuliwa nilikuwa nimekwisha kata shauri. Nitapanda minazi, na wa kuing'oa na aje aing'oe mbele ya macho yangu. Nilikuwa na watoto, na sikutaka waje wafukuzwe pale mithili ya kuku walioingia shamba la watu.

Nazi za mbegu nilipewa na jirani yangu wa ng'ambo ya korongo, ambaye minazi yake aliikuta kwa mama mkwe. Niliziweka nyuma ya bafu, mahali penye majimaji, zikachipua. Kaka yangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi kule Marereni, akaniletea chumvi ile chafu isiyouzwa. Nikachimba mashimo ya kufika gotini, nikatia jivu na konzi ya chumvi kila shimo, kwani mnazi unapenda chumvi, nikailaza nazi ubavu, chipukizi likichungulia nje. Nilipanda katikati ya mihogo. Mihogo ikishasimama huwezi kumwona ng'ombe ndani yake, sembuse mche.

Msimamizi aliiona miche ya pembezoni, akaing'oa. Nikapanda tena. Akang'oa. Nikapanda tena.

"Mama, unanitafutia balaa," akaniambia. Naye alikuwa mtu wa huku huku, analima kipande cha yule yule mzee wa mjini, hana hata mpapai wake.

"Balaa imo mikononi mwako," nikamwambia. "Hebu itazame hiyo miche uliyoishika. Imekukosea nini?"

"Mimi nimetumwa."

"Na mimi nimejituma."

Akaondoka na miche yake kwapani. Wallahi nilitamani kumrushia jembe! Lakini huko katikati alikuwa hafiki, kwa kuwa anaogopa nyoka kama nini, na huko ndiko nilikopanda mingi. Alipokuja kuitambua, ilikuwa imemzidi kimo. Baadaye ikatoa maua, na ikishazaa, huku kwetu hakuna mtu atakayenyanyua shoka juu yake. Kuukata mnazi unaozaa huhesabiwa karibu sawa na kuua mtu. Akawa anapita akijifanya haioni. Mimi nikawa nauza madafu, napika kwa tui langu mwenyewe, na makuti yangu nikaezekea nyumba yangu.

Kisha yule mzee wa mjini akafariki, na shamba likamwangukia mjukuu wake. Mwaka jana, katika joto lile la kaskazi linalokausha mate mdomoni, akaja na gari, akaja na mnunuzi kutoka bara, akaja na chifu na wazee wawili wa kijiji wawe mashahidi. Majirani wote wakakusanyika. Msimamizi alisimama kando, mdomo kaufunga.

Mjukuu alikuwa kijana wa adabu, siwezi kusema uongo. Alinipa shikamoo yangu kamili, akaniuliza hali, akaniuliza watoto, kwa Kiswahili kile cha mjini kilichonyooka. Halafu kwa adabu ile ile akamwambia chifu kwamba watu hawa ni wa mazao ya msimu tu, wavune mahindi yaliyopo wahame. Mnunuzi akaonyesha juu kwa kidole. "Na hii minazi?"

"Hii aliipanda babu," akasema.

Lo! Nilihisi damu inanipanda mpaka utosini. Nikafungua kinywa, na mzee mmoja wa kijiji akanipungia mkono ninyamaze.

Wakazunguka shamba kwa jua lile, wakarudi wametota jasho, wakaketi kivulini mwa minazi yangu. Mnunuzi akasema ana kiu. Mjukuu akamwita mkwezi, jirani yetu, aliyekuwa amesimama na kamba yake, akamwambia apande atuangulie madafu. Mkwezi hakwenda. Akanitazama mimi. Watu wote wakanitazama mimi, maana mkwezi hakwei mnazi mpaka mwenyewe aseme, na hilo hata mtoto mchanga wa pwani analijua.

Mjukuu akayafuata macho ya watu. Na kwa vile alilelewa vizuri, kabla ya kufikiri, akanigeukia akainamisha kichwa. "Mama," akasema, "turuhusu madafu, wageni wana kiu."

Nilitaka kumjibu, lakini mnunuzi alinitangulia. Yeye mtu wa bara, hajui mambo yetu, na aliuliza kwa dhati kabisa: "Kwani unamwomba ruhusa yeye, na minazi ni ya babu yako?"

Mjukuu akawa mwekundu. Chifu akakohoa. Yule mzee aliyeninyamazisha akasema taratibu, "Amemwomba mwenyewe. Sote tumesikia."

Mimi nikamwambia mkwezi, "Panda. Waangulie wanywe washibe." Nikawapasulia mimi mwenyewe, mmoja mmoja, na la mjukuu nikampa kwa mikono miwili. Mnunuzi alikunywa, akashukuru, akaingia garini, na hatukumwona tena. Chifu akasema mbele ya watu kwamba minazi imeshajulikana ni ya nani, na hakuna wa kunigusa mpaka neno la ardhi lisikizwe. Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nikalia, kwa hasira zaidi kuliko furaha, maana niliona mume wangu angeweza kulala hapa hapa kama tungeanza mapema.

Mjukuu alirudi baada ya mvua, peke yake, kwa miguu kutoka barabarani. Alinikuta napalilia. Akatoa shikamoo, akasimama akiitazama minazi ilivyojaa matunda, akasema alikuwa ameshauriana na watu wake.

"Mama, nimekubali. Minazi ni yako, sitabisha tena. Lakini nawe ukubali jambo moja. Ardhi ni yangu."

Nikaweka jembe chini. Nikajipangusa jasho.

"Haya, mwanangu. Ardhi yako ichukue," nikamwambia. "Ila uivute polepole, usije ukaniumizia mizizi."

Hakucheka, na mimi sikuwa nafanya mzaha.