Mkondo Uachiwe

Mimi ni mwoga wa mvua, na sioni haya kulisema. Wenzangu hapa Kaole mawingu yakitanda hufurahia mihogo yao. Mimi hutoka na ufagio kwenda kutazama kama mkondo wa nyuma ya nyumba umeziba. Kaka yangu hunitania kwamba nilizaliwa pwani kwa makosa, kwangu ni Dodoma. Nacheka naye, lakini ufagio siuachi.

Mkondo wenyewe ukiuona kiangazi utaudharau. Ni ukanda wa matete na mchanga unaokatiza nyuma ya viwanja vyetu, kutoka juu kule upande wa Zinga mpaka kwenye mikoko. Viwanja vilipopimwa, kila mmoja alielezwa kwamba kipande chake cha ukanda ule ni chake na si chake. Kimo ndani ya mipaka yake, ila haruhusiwi kujenga, kujaza kifusi wala kukata kitu, kwa sababu ndiyo njia ya maji. Marehemu baba alijenga mbali nao kadiri alivyoweza. Hata hivyo chumba cha nyuma, anacholala mama mpaka leo, kilibaki chini kidogo kuliko nyumba nzima.

Mama miguu imemwishia nguvu, hainuki bila kushikwa. Masika moja, miaka michache nyuma, matete yaliziba na maji yakaingia chumbani kwake mchana kweupe. Mimi nilikuwa sebuleni nashona magauni ya harusi, cherehani inapiga kelele, sikusikia kitu. Nilipoingia nilimkuta ameketi kitandani, maji yamegusa godoro, ananiita kwa sauti ndogo, ya mtu asiyetaka kusumbua. Sauti ile haijanitoka masikioni. Tangu hapo nikisikia ngurumo huacha chochote nilichoshika.

Basi mwaka huu jirani yetu wa upande wa juu, mzee mstaafu, mstaarabu, anayetuletea tende kila Ramadhani, aliomba nusu ya ukanda upande wake iondolewe zuio, apate kujenga jiko la nje na banda la gari. Ofisi ya ardhi ikamwambia majirani waulizwe kwanza. Mwenyekiti wa kitongoji akatuita barazani kwake baada ya Alasiri.

Mwenyekiti wetu anapenda kuzunguka. Alianza na mvua, akapita kwenye kipindupindu, akasema maji nayo yana haki zake kama binadamu, mpaka nikaanza kukiwazia chungu nilichokiacha jikoni. Mwisho akauliza, "Wanaokubali mkondo uachiwe, wanyooshe mikono." Nilinyoosha wangu kabla hajafunga mdomo. Nilifurahi nusura nipige vigelegele. Mama, tuliyemleta kwa bajaji, alinyoosha wake pembeni yangu, na karibu wanawake wote wa viwanja vya chini wakafuata.

Hapo ndipo Kiswahili chetu kilipotuponza. Mtoto huachiwa bibi yake amlee, na mfungwa huachiwa aende zake. Neno ni hilo hilo. Mimi nilisikia kwamba mkondo unaachiwa maji. Kumbe mwenyekiti alikuwa anasema mkondo unafunguliwa, mwenye kiwanja afanye atakavyo.

Nilijua siku lori lilipomwaga kifusi. Nilitoka mbio, kanga moja kiunoni na nyingine nimeisahau kitandani. Mzee alikuwa amesimama kando ya matete yaliyolala. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaanza kunishukuru.

"Mkono wako ndio niliouona wa kwanza, mwanangu. Mungu akulipe."

"Lakini mzee, si tulikubaliana mkondo uachiwe?"

"Ndiyo, mwanangu. Umeachiwa."

Alilisema kwa furaha safi, nikashindwa hata kukasirika. Nilikitazama kile kifusi, kisha nikayafuata kwa macho maji ya mvua ambayo bado haijanyesha. Yakibanwa pale yatapinda, na yakipinda yatakuja moja kwa moja ukutani kwa mama.

Nilizunguka kwa majirani wa chini, na wengi walikuwa wameelewa kama mimi. Tukaenda kwa mwenyekiti. Aliudhika, akasema mkono ukishanyooshwa umenyooshwa, lakini tulikuwa wengi na hatukuondoka, akakubali kuita kikao kingine. Mpaka siku hiyo ifike sikuonja usingizi wa maana. Nyumbani nilimweleza kaka, tunayeishi naye hapo hapo pamoja na mkewe. Hakunipinga. Aliendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Kikao cha pili nilimwomba mwenyekiti neno lile aliache kabisa, aseme kujenga au kutojenga. Watu walicheka, naye akakubali. Kabla ya kuuliza aliwapa nafasi wenye la kusema, na aliyesimama alikuwa kaka yangu. Alisema kuendesha bajaji kumemchosha mgongo. Alisema mzee akiruhusiwa, na sisi tutaomba kipande chetu kifunguliwe, ajenge vyumba viwili vya kupangisha, mama apate matunzo. Alisema yote hayo akiitazama miguu yake. Kipande chetu kiko nyuma tu ya dirisha la mama.

"Wanaotaka pajengwe, mikono juu," mwenyekiti akasema.

Mkono wa kaka ulipanda, na mingine baada yake. Baadhi ya wale waliokuja nami kulalamika walikuwa nao wameshaanza kuvihesabu vyumba vya kupangisha. Mama aliutazama mkono wa mwanawe, kisha akainua wake. Nilimshika kiwiko, nikamnong'oneza kwamba amekosea, leo wanaulizwa wanaotaka pajengwe.

"Safari hii nimesikia vizuri," akasema. "Yule naye ni mwanangu."

Hakuushusha mpaka mwenyekiti alipomaliza kuhesabu. Wa kujenga walikuwa wengi.

Jiko la mzee limeshaezekwa, na kaka amepeleka ombi letu wilayani. Mama hataki kuhamia sebuleni, anasema chumba kile alipewa na mumewe. Masika bado, lakini nimeshahamishia godoro langu chumbani kwake. Nimelilaza chini, kando ya ukuta wa nyuma, ili maji yakija yanifikie mimi kwanza.