Kimya cha Saa Tatu Asubuhi

Swaumu alikuwa amechoka, na haukuwa uchovu wa siku moja. Mwaka wa pili sasa alikuwa akimuuguza mama yake, aliyepooza upande mmoja, katika nyumba yao ya Kitangari, na humo humo akiifanya kazi ya kampuni moja ya Dar es Salaam: kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika. Akiikosa kazi hiyo itambidi akatafute nyingine mbali, na mama atageuzwa na nani kitandani?

Basi kampuni ikaleta masharti. Anayefanyia kazi nyumbani awe na mtandao wa kasi ya megabiti kumi, upimwe huku msimamizi akitazama kwa video, na isisikike sauti ya mtu mwingine. Atakayeshindwa, mkataba umekwisha. Aliyeyaandika hayo bila shaka mtandao humfuata mpaka chooni. Kwa Swaumu ulishika vizuri mahali pamoja tu, uani, juu ya mfuniko wa kisima cha maji ya mvua, na kiangazi hicho nusu ya majirani walikuwa wakichota hapo. Kumfukuza mtu na ndoo yake ni jambo asiloliweza.

Jioni akamwambia jirani yake, Mama Ashraf, "Kesho saa tatu asubuhi naomba pawe kimya hapa kwangu. Waambie na wenzio."

Angeeleza sababu, lakini megabiti unaanzaje kuzieleza ukiwa hoi? Mama Ashraf akayatazama yale macho mekundu ya kukesha. "Sawa, Swaumu," akasema. "Pole sana."

Saa tatu Swaumu akaketi kisimani na kompyuta. Kwenye kioo akatokea msimamizi, Nikolao, kijana wa Masasi.

"Shikamoo, mama. Tuanze."

"Marahaba. Tuanze."

Macho yake hayakubanduka kwenye namba. Saba. Tisa. Kumi na moja. Ua mzima ulikuwa kimya, hata kuku hawakusikika.

"Umepita, mama," Nikolao akasema, kisha akashusha sauti. "Na poleni na msiba. Mngetuambia tukaahirisha."

Swaumu akafunga kompyuta, akageuka. Wanawake kama ishirini walikuwa wamekaa chini nyuma yake, kanga vichwani, hawana ndoo. Wengine walikuwa wamekuja na unga.

Ndani ikasikika sauti ya mama yake. "Swaumu! Uji wangu leo vipi?"

Wanawake wakatazamana.

"Kumbe Bibi mzima," Mama Ashraf akasema.

"Mzima. Nilikuwa napimwa mtandao tu. Nisameheni."

"Na wewe je? Wewe mzima?"

Kwa muda wote huo watu walikuwa wakiulizia hali ya mgonjwa tu. Swaumu akafungua kinywa aseme ndiyo, kikatoka kilio. Wakamwacha alie mpaka basi; wao walikuwa wamekuja wakiwa tayari kwa kilio.